Uji Niliopaka Nyuma ya Kitambaa

Sumbawanga, Jumapili alasiri

Skola mwanangu,

Sikuulizi hali, maana asubuhi nimekuona ukila viazi vitatu na kuomba cha nne. Sasa umekwenda Malangali na mama yako kumuaga bibi, na nyumbani tumebaki wawili, mimi na korongo wako uliyemdarizi kwenye kitambaa. Amelala kifudifudi juu ya ubao, misumari imemzunguka pande zote, na kila baada ya muda naenda kumgusa mgongo kwa kiganja kama mtu anayepima homa. Bado ana unyevu. Gari la Bwana Salumu linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi, na korongo hajui hilo.

Habari za sabuni, soksi na daftari sikuandikii. Mama yako amekwisha kuziandika, akazipigia mistari, na karatasi yenyewe ameibandika ndani ya mfuniko wa sanduku ili usiwe na kisingizio. Mimi nina jambo moja tu, na nataka ulikute juu ya sanduku hilo utakaporudi jioni, kabla hujaondoka.

Ijumaa uliponiletea kitambaa chako uliniuliza, "Baba, na hiki nacho kitanuka pombe kama kile cha mama?" Ukacheka. Mimi nikageuka, nikajifanya natafuta nyundo. Nyundo ilikuwa mkononi mwangu.

Sitaki uende huko shuleni ukiamini kwamba mikono ya mama yako ndiyo iliyotutia aibu. Nimekuacha uamini hivyo kwa miaka mitano. Ile aibu ni kazi yangu, tangu mwanzo hadi mwisho. Nitakueleza, lakini nivumilie, maana nimekaa masjala muda mrefu mno, na siku hizi siwezi kufika kwenye jambo mpaka nimefungua faili lake la nyuma.

Unajua kwamba kazi ya kunyoosha vitambaa nilijifunza shuleni. Nilichokuficha ni kwamba ilikuwa adhabu. Nilikuwa mvulana mwoga, na mvulana mwoga huchelewa kila mahali kwa sababu anasimama mlangoni akiogopa kuingia. Kila aliyechelewa misa alipelekwa kwa sista mmoja mzee, aliyekuwa na rundo la vitambaa vya kupigia magoti. Vilikuwa vya sufu, vimedariziwa juu ya turubai la matundu, na vyote vilikuwa vimekwenda upande kama mlevi anayetafuta ukuta. Alinipa taulo lenye unyevu, nyundo, na ubao wenye miraba iliyochorwa kwa penseli. Nilichelewa mara nyingi, kwa hiyo nikawa fundi.

Sista yule ndiye aliyenifundisha kwamba kitambaa kikienda upande hakuna aliyekosea. Ni mshono wenyewe. Ukidarizi kwa mshazari, kila mshono unavuta kidogo upande mmoja, na mishono elfu inayovuta upande mmoja lazima iondoke na kitambaa. Nilikuona Ijumaa ukifuta machozi kwa kiwiko, ukidhani mwezi mzima umepotea. Nilitaka nikwambie hivyo pale pale, lakini ulikuwa umekwisha kuniuliza lile swali la pombe, na nilikuwa natafuta nyundo.

Hata hivyo ile jioni ilinifurahisha kuliko nilivyoonyesha. Ulikuwa umejaribu kila kitu kwa hesabu zako mwenyewe: gunia la katani ukalifua mara tatu, sufu ukaifumua kutoka sweta langu la kijivu, la mama yako la kijani, na lile jekundu la bibi kwa ajili ya taji la korongo. Uliniuliza kwa nini nakandamiza leso nyeupe yenye maji juu ya taji. Nilikuwa naogopa rangi ya bibi. Sweta lile lilinunuliwa kabla sijazaliwa na sikujua lingefanya nini likiona maji. Leso ilitoka nyeupe, na wewe ukasema, "Bibi hachuji, Baba." Nimeicheka hiyo tangu Ijumaa.

Kisha tukavuta. Huwezi kumnyoosha korongo peke yako, lazima wawepo watu wawili kwenye pembe mbili zinazotazamana.

"Nivute wapi?"

"Wewe vuta kama unakwenda Kipili. Mimi navuta kama naelekea Mbeya."

"Kipili ni mbali, Baba!"

"Basi vuta mpaka ufike."

Uling'ang'ania mpaka ulimi ukatoka nje, na nikasikia katani ikilia, nikaogopa, nikasema basi, na wewe ukasema bado. Ulikuwa sahihi. Tulipoweka pembe ya faili la ofisi kwenye kona ya kitambaa, ikakaa sawasawa. Korongo akasimama wima kwa mara ya kwanza. Ukampigia saluti.

Sasa nije kwenye mto wa kiti alioudarizi mama yako.

Ulikuwa na miaka minane. Kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Mwazye kilikuwa kinafungua ghala lake, na ofisi yetu ilitakiwa kuandaa meza kuu. Mkuu wangu wa masjala aliona kiti cha mgeni rasmi kimechakaa, akauliza nani ana mke anayejua kudarizi. Niliinua mkono. Sijui kwa nini. Mimi huwa siinui mkono hata ninapojua jibu. Labda nilitaka kwa siku moja mtu pale ofisini ajue jina langu bila kutazama orodha.

Mama yako alidarizi kwa wiki saba. Unakumbuka alivyokuwa akikaa mlangoni kufuata mwanga? Hindi moja kubwa lililomenywa nusu, na jembe pembeni, punje zikiwa za rangi tatu za njano. Wanawake wa kikundi cha ushonaji walikuja kuutazama, na mmoja alijaribu kuugusa ili ajue kama punje zimechomoza kweli. Sijawahi kuona kazi nzuri kama ile ikitoka nyumba ya mtu ninayemjua. Ulikuwa umekwenda upande, bila shaka, kwa ajili ya mshono. Nikamwambia mama yako, "Niachie mimi." Alinipa kwa mikono miwili.

Nikauwamba vizuri. Misumari niliichovya kwenye nta ya mshumaa isiache kutu, kama nilivyofanya na ya kwako. Kilichokuwa kimebaki ni kuacha ukauke polepole kivulini, siku tatu au nne, na kutofanya kitu kingine chochote.

Hapo ndipo penye shida yangu, Skola, na naona kidogo kwamba umeirithi. Kazi inayonishinda ni ile ya kutofanya kitu. Siku ya pili nilianza kufikiri. Itakuwaje ukirudi upande mgeni akiwa ameukalia? Itakuwaje mkuu akiniita? Nilikumbuka kwamba sista alikuwa akipaka uji mwepesi wa unga wa ngano nyuma ya vitambaa vikaidi, ili vishike umbo. Mama yako alikuwa shambani. Unga wa ngano haukuwepo. Nikafungua makopo ya jikoni moja baada ya jingine, nikakuta unga laini wa kahawia katika kopo la bluu, nikajiambia ulezi ni ulezi.

Haukuwa ulezi wa uji. Kilikuwa kimea, ulezi uliooteshwa, ukakaushwa na kusagwa, ambao mama yako alikuwa ameutunza kwa ajili ya pombe ya ubatizo wa mtoto wa shangazi yako. Mtoto yeyote wa hapa Ufipa angeunusa na kuujua. Mimi nilikuwa na mafua, nilikuwa na haraka, na sikuuliza mtu. Nikaukoroga kwa maji ya vuguvugu, kwa sababu niliogopa ukichemka utafanya madonge, nikapaka nyuma ya mto, tabaka nene la mtu mwenye wasiwasi. Siku ile ilinyesha manyunyu. Ukakataa kukauka. Nikaufunga ndani ya nailoni, nikauweka karibu na jiko, na kesho yake nikaubeba hivyo hivyo kwenye lori hadi kijijini, juani, nikiwa nimeukumbatia kama mtoto mchanga.

Wewe ni binti wa nyumba inayopika pombe. Kimea, maji ya vuguvugu, na joto siku nzima. Huhitaji nimalize.

Nilipoufungua niliona harufu kidogo, nikajiambia ni gunia. Nikauweka kwenye kiti. Mgeni rasmi akaukalia. Alikuwa mtu mnene, mwenye suti ya kaunda ya rangi ya maziwa, na hotuba yake ilikuwa ndefu. Alipofika kwenye suala la mbolea, nzi walianza kuja. Alipofika kwenye suala la elimu ya watu wazima, wazee waliokaa mstari wa mbele walikuwa wakiinua pua mmoja baada ya mwingine, na mmoja wao akamwambia mwenzake kwa sauti ambayo alidhani ni ya chini, "Leo wamekuja nayo. Watatugawia saa ngapi?"

Uwanja mzima ulisikia. Mgeni akasimama kuitikia makofi, ambayo hayakuwa ya hotuba, na nyuma ya suruali ya maziwa palikuwa na duara la kahawia kubwa kama sahani.

Cheka, mwanangu. Mimi mwenyewe nimechelewa kucheka, lakini sasa naweza. Ila usicheke inayofuata.

Mkuu wangu alinifuata nyuma ya lori. Akauliza, "Huu mto kashona nani?"

Nikasema, "Mke wangu."

Ni neno la kweli, unaona. Ungeliweka kwenye faili lisingekataliwa na mkaguzi yeyote. Akasema, "Mwambie mkeo akiwa anapika pombe asishonee papo hapo." Wote waliokuwa pale wakacheka, makarani, dereva, hata mpishi. Na mimi nikacheka. Kucheka kule ndiko kunakoniamsha usiku. Woga ni kitu cha kawaida, nimeishi nao. Lakini nilicheka kwa hiari yangu, na kwa sauti, ili wanione niko upande wao.

Mama yako aliponiuliza nilipaka nini nyuma ya mto, nilisema maji tu. Akakaa akifikiri, kisha akasema basi ni gunia, lazima liliwahi kubeba kimea, na yeye hakulifua vya kutosha. Nikanyamaza. Baadaye aliona kopo la bluu limepungua, akadhani ni Mama Adelina, jirani yetu, ambaye siku zile alikuwa akiingia jikoni kwetu kuazima chungio. Hakumwambia wazi. Alimfungia mlango tu. Tangu wakati huo wamekuwa wakisalimiana juu ya ua kwa maneno mawili. Nikanyamaza tena. Uongo wangu wa kwanza ulikuwa maneno mawili na niliamini utakaa hapo hapo. Haukukaa. Kila mwezi ulikuwa na kazi nyingine ya kunipa.

Wewe unakumbuka yaliyofuata, maana ulirudi kutoka shule siku moja ukiwa umemng'ata mtoto aliyeimba, "Mama Kimea, tupe kikombe!" Mama yako alikuosha mdomo, akakwambia waache waimbe. Kisha akaacha kwenda kwenye kikundi. Sindano zake zikaingia kwenye kopo la kahawa na kopo likaenda juu ya kabati. Wewe umejifunza kudarizi kwa kuchungulia kazi zake za zamani, si kwa yeye kukushika mkono, na hilo pia ni deni langu kwako.

Nimejifunza nini? Nimekuwa nikijiuliza tangu Ijumaa, kwa kuwa baba anayeandika barua kama hii anatakiwa awe na kitu cha kutoa. Sina kikubwa. Utaharibu vitu huko uendako, kama watu wote. Ukiharibu, sema siku ile ile, kabla hujajua watu watakupokeaje, maana ukishaanza kupima sura zao hutasema tena. Mimi nilipima sura ya mkuu wangu kwa nukta moja tu, na imenigharimu miaka mitano ya sindano za mama yako.

Na usione aibu kuwa mwoga. Nina miaka thelathini na mitatu, na mkuu akiita jina langu bado nakagua vifungo vya shati. Ila ukiwa na woga, uliza. "Huu ni unga gani?" Maneno manne. Ningeliuliza hivyo...

Nimesimama kidogo hapa. Mama yako amerudi peke yake. Anasema bibi amekuzuia mpaka amalize kukukaangia karanga, na kwamba utaletwa na baba yako mdogo kabla ya giza.

Ameingia, akaenda moja kwa moja kwenye ubao, akaweka kiganja mgongoni mwa korongo.

"Hakijakauka," akasema. "Usithubutu kukitoa."

"Anaondoka kesho."

"Ataondoka nacho na ubao wake. Utaufunga kamba. Akifika huko kitakuwa kimekauka na misumari atang'oa mwenyewe, ana meno." Kisha akainama, akanusa. Hakufanya kwa utani. Alinusa kama mtu anayeangalia kidonda cha zamani. "Hujapaka kitu?"

Nilikuwa nimeshika kalamu. Nikaiweka chini, na nikamwambia. Kopo la bluu, maji ya vuguvugu, nailoni, nyuma ya lori, kicheko. Nilimwambia kwa mpangilio mbaya, bila faili la nyuma, na sauti yangu ilikuwa nyembamba kama ya mtoto aliyechelewa misa.

Aligeuka akatazama mlango wa jikoni. Kisha akauliza, "Kopo la bluu lenye mfuniko uliobonyea?"

"Lile lile."

"Kimea cha ubatizo."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo gunia langu lilikuwa safi."

"Lilikuwa safi, Mama Skola."

Nilitegemea machozi, au kurushiwa sahani. Akakaa juu ya sanduku lako. "Miaka mitano naitwa Mama Kimea," akasema, "na mwenye kimea nalala naye." Mdomo wake ukaanza kutetemeka upande mmoja, sikujua unaelekea wapi, na nadhani hata yeye hakujua. Ukaelekea kicheko, lakini macho hayakufuata. Akacheka akinitazama hivyo mpaka nikatamani sahani.

"Jumatano kikundi kinakutana," akasema. "Utakuja. Utasimama mbele yao uwaeleze. Na usije na karatasi. Wewe ukiandika unapunguza."

Nikasema nitakuja. Akasema hajanisamehe, nisije nikaandika humu kwamba amenisamehe. Kwa hiyo naandika kwamba hajanisamehe. Amepanda juu ya kiti, akashusha lile kopo la kahawa, akatoa sindano mbili zisizo na kutu, akazichomeka kwenye ukosi wa sweta lako la shule. Anasema ujifunze mishono inayovuta pande zote mbili, atakuonyesha leo usiku kabla hujalala.

Kisha akasimama ghafla. "Mungu wangu, Adelina," akasema, akatoka nje bila kanga begani.

Nawasikia sasa hivi kwenye ua. Kwanza walisalimiana kwa yale maneno mawili. Kisha mama yako akaongea peke yake kwa muda, sikushika maneno. Kisha Mama Adelina akapaza sauti hata wa barabarani wasikie: "Chungio lako ninalo mpaka leo, niliogopa kulirudisha!" Sasa wanacheka wote wawili, na kuna mlango mwingine umefunguka, na mtu wa tatu anauliza kuna nini.

"Baba Skola!" Ni mama yako. "Toka uje useme mwenyewe, hatungoji Jumatano!"

Kuna watu wanne pale nje, naweza kuwahesabu kwa dirisha. Vifungo vya shati nimekwisha kuvikagua. Mstari huu naandika nikiwa nimesimama.

Baba yako